Bolti Mbili za Donati

Mwaka 1994, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, nilitoka bara nikanunua mashua kuukuu kule kisiwani Maparoni, ya kubebea kaa. Mwezi haujaisha, foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ikavunjika.

Fundi Mudathiri, mtu asiyependa maswali, alichagua miti miwili ya mikoko, akazipandanisha ncha zake na kuzifunga kwa kamba tupu. Siku mbili nzima! Kwangu mimi kamba ni ya kufungia mbuzi. Alipokwenda kuswali adhuhuri, nikatoboa maungio, nikakaza bolti mbili.

Aliporudi akazipapasa, akachukua msumeno, akaikata kazi yake mwenyewe palepale kwenye matundu.

"Fundi, unafanya nini?"

"Bwana Donati, upepo ukizidi, foromali hupinda. Wewe umeitoboa papo hapo inapopindia. Ungekufa maji, watu waseme ilifungwa na Mudathiri. Kalete miti mingine. Safari hii utafunga wewe."

Nilifunga, akafungua. Mara nne. Ya tano akaiacha.

Huu mwaka wa tatu, foromali ingali juu. Kila nikimpa shikamoo fundi, yeye huitazama kwanza kamba yangu, ndipo aitikie marahaba.