Mama Nyonyoa na lori la matufaha

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, Mama Nyonyoa amesimama juu ya kistuli akiung'oa majani mtufaha wenye afya tele. Hana pupa. Anashika jani moja, analivuta kuelekea juu, analiangusha, anashika jingine.

"Shemeji, taratibu! Usivute kwenda chini, utaling'oa na kijicho chake. Ua litatokea wapi?" anamfokea mwanamume aliye kwenye ngazi, mti wa pili.

"Samahani, mwalimu," anajibu shemeji.

Huyu ni mdogo wa marehemu mumewe. Miaka sita iliyopita ndiye aliyeitisha kikao cha ukoo, baada ya kumkuta mjane huyu akiinyonyoa miti arobaini aliyoipanda palipokuwa na mahindi. Kikao kikaamua kwamba isipozaa mwaka ule, shamba lirudi kwa ukoo.

"Simlaumu," anasema mama huyo. "Hata mimi bwana shamba aliponieleza, nilidhani ananitania."

Mtufaha hutaka baridi kali ili ulale, kisha uamke na maua. Hapa baridi hiyo haipo, kwa hiyo huvuliwa majani ili upumzike, utake usitake.

Wiki chache baadaye miti ikachanua. "Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Shemeji alikuja, akatazama weee, akaondoka bila kuaga."

Sokoni nako kulikuwa na vituko. Wateja waliuliza matufaha yale yametoka nchi gani. "Nyuma ya jikoni kwangu," aliwajibu. Wengine walinuna wakidhani anawadhihaki.

Sasa mnunuzi wa mjini ameahidi kutuma lori, mradi lijazwe kreti mia mbili kwa mkupuo mmoja. Miti yake hutoa hamsini tu. Ndiyo maana wiki hii familia kumi na moja zilizopanda mitufaha kama yeye zinanyonyoa kwa pamoja, ili matunda yaive pamoja. Atakayechelewa atawaangusha wote, na lori halitakuja. Wa kwanza kufika na ngazi alikuwa shemeji.

"Najivunia, sifichi," anasema Mama Nyonyoa, akipangusa mikono kwenye kanga. "Jina hili walinipa kwa kunicheka. Leo watoto wa shule wananiamkia nalo."

Anataka lori hilo lipige honi getini kwake mpaka kijiji kizima kitoke. "Na dereva akiuliza mzigo umetoka nchi gani, mimi nitanyamaza. Atajibu shemeji."

Sauti inashuka kutoka kwenye ngazi, kubwa kuliko inavyohitajika: "Nyuma ya jikoni kwetu!"