Spika Juu ya Kabati la Mama Mkwe

Tangu Jumamosi situlii. Nilikwenda Sengerema kujitambulisha ukweni, na ili nionekane kijana wa kisasa nikaazima spika ya rafiki yangu Masanja, nyeupe, ya mviringo, haina kitufe hata kimoja. Nikaiunganisha na simu yangu kwa bluetooth, muziki ukalia. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa zawadi, akaiweka juu ya kabati.

Mkwe unamnyang'anyaje? Nikajifanya naenda chooni, nikampigia Masanja.

"Kaka, wameichukua spika yako. Nifanyeje?"

Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikalaumu mtandao, nikarudi sebuleni.

Wote walikuwa wanalitazama kabati. Sauti ya Masanja ilikuwa inatokea huko juu: "Usiondoke bila spika yangu. Haloo?"

"Mwanangu," mama mkwe akaniambia taratibu, "mwenye spika anakuita."