Mtu wa Kumsomea

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka mpaka leo, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa majuzi tu katika maabara ya hospitali moja huko Carrollton, Texas, na mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Mathai, mwanakemia kutoka Kerala, kusini mwa India. Sampuli za damu zilikuwa zimejaa mezani. Nikanung'unika: kwa nini kila asubuhi lazima tuanze na ile sampuli ya kuhakiki mashine, ambayo jibu lake tunalijua tayari?

Hakunifokea. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaniambia, "Binti, mashine ikipotea haijui kwamba imepotea. Itakupa jibu kwa ujasiri ule ule. Ndiyo maana unaiuliza kwanza kitu unachokijua."

Nikadhani ni maneno ya kazi tu. Sikujua kwamba mzee yule alikuwa mwandishi wa hadithi, tena mwenye vitabu vilivyochapishwa kwao, kwa lugha yao ya Kimalayalam. Nilichoona ni kwamba kila siku kabla ya zamu alikaa ndani ya gari lake kwenye maegesho, vioo vimepandishwa, simu sikioni, akisoma karatasi kwa sauti. Wenzetu walisema anasali. Mimi, unavyojua mdomo wangu, nilimuuliza.

Alicheka. Akasema kule kwao ni jioni saa hizo, naye humsomea mama yake ukurasa alioandika. Mama hakusoma sana, lakini aliwajua watu wa kwao, wanavyoishi na wanavyosema. Akicheka, ukurasa umepita. Akinyamaza, mwanawe anaufuta. Alikuwa amekaa Texas miaka mingi, akaniambia, na huenda ameanza kupotea bila kujijua.

Kisha mama akafariki. Mzee Mathai alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, daktari akamkataza kupanda ndege, mama yake akazikwa yeye yuko hapa. Aliporudi kazini aliendelea kukaa ndani ya gari kila asubuhi, ila sasa alikaa kimya. Alikuwa na hadithi aliyoifikisha mwisho baada ya msiba, na akaniambia haitatoka, wala hataandika nyingine. "Nitajuaje sasa kama nimepotea?" Iliniuma sana, maana nilimpenda mzee yule.

Wamalayali, yaani watu wa Kerala, walioko Texas wana desturi yao. Wapenda kusoma hukutana Jumapili nyumbani kwa mmoja wao, mtu anasoma hadithi yake, halafu anakaa kimya huku wengine wakisema walichokiona. Haruhusiwi kujitetea. Kundi la Houston lilikuwa limemwalika, naye alikuwa anakataa. Mkewe akanipigia simu pembeni akaniomba nimpeleke, kwa kuwa mumewe alikuwa bado hajaruhusiwa kuendesha safari ndefu. Nikamwambia mzee nina siku ya mapumziko na gari lina mafuta. Akapanda kwa shingo upande. Njia nzima alizikumbatia karatasi zake.

Alisoma hadithi ile sebuleni, kati ya chai na sambusa. Binti wa mwenye nyumba alikaa kando yangu akinitafsiria kwa kunong'ona. Ilikuwa habari ya kijana anayerudi kijijini kumzika mama yake, akamkuta dada yake jikoni akiwapikia waombolezaji. Alipomaliza, wageni wakasifu kwa adabu: nzuri, inagusa moyo. Nikamwona mzee anazidi kunywea kitini.

Ndipo akasema bibi mmoja aliyejikalia mwisho wa kochi, mama wa mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja kuwaona wajukuu.

"Nyumba ina maiti ndani. Nani amewasha jiko?"

Kwao, akaeleza, siku ya kuzika jiko la wafiwa haliwashwi. Majirani ndio huleta uji wa mchele. Kila mtoto wa kule anajua, na Mzee Mathai alijua pia, zamani. Lakini mazishi yale ya mama yake hakuyaona kwa macho, na maziko aliyokuwa akihudhuria huku Texas yalikuwa na vyakula vya kuagiza na sahani za karatasi. Alikuwa amepotea bila kujijua, kama alivyohofia.

Niliuogopea ule moyo wake uliotoka kushonwa. Akavua miwani, akafuta macho, kisha akavunja sheria ya kukaa kimya.

"Mama," akamwambia, "naweza kuwa nakupigia simu?"

Bibi akamtazama. "Nipigie. Lakini si saa ya sala."

Tukirudi alinisimulia habari za mama yake mpaka nikapitiliza njia ya kutokea barabara kuu. Hadithi ile ilichapishwa kitabuni, jiko likiwa limezimwa. Leo amestaafu yuko Houston, bado anaandika, na sasa vijana wa Kimalayali ndio wanaompigia yeye.

Haya, turudi kwako. Jumapili iliyopita kwa mamako, Arlington, uliniambia, "Anti, mimi nime-give up kuandika. Kiswahili changu kime-mix sana, na biology inanimaliza. Nani ata-read?" Sikukujibu kwa sababu chapati zilikuwa zinapita. Hili ndilo jibu langu.

Biolojia si adui wa hadithi zako. Imekufundisha kuhakiki kabla ya kuamini, na mwandishi aliye mbali na kwao hana silaha bora kuliko hiyo. Kiswahili chako kimeyumba kidogo, sikufichi, lakini kuyumba kunarekebishika. Usihangaike kutafuta wasomaji elfu. Tafuta mmoja anayekujua na anayeijua lugha, umsomee kwa sauti, na akisema neno usijitetee. Mimi nimekulia Machakos, nina masikio, na sina kazi tena. Nikicheka, ukurasa umepita. Nikinyamaza, futa, na usininunie.

Mungu akupe mkono usiochoka, mwanangu, na kila mji utakaofika akupe mtu wa kumsomea. Siku nikiondoka akupe mwingine, kama alivyompa Mzee Mathai. Ila kesho asubuhi bado ni zamu yangu ya kukusikiliza, na simu nimeshaichaji.