Wameunganisha Magrupu Yetu ya Walimu, Sasa Mwanafunzi Wangu Anaficha Kwamba Anajua Kusoma

Admini, nifichie jina na kata, maana huku Hanang tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka thelathini na tatu. Nimezaliwa Mbulu, upande wa Endagikot, nikapangiwa kazi huku tambarare kwa wafugaji. Asubuhi nafundisha darasa la kwanza, mchana nafundisha kisomo cha watu wazima, karibu wote akina mama wa Kibarabaig. Nina hasira, nawaambia mapema.

Walimu wa kisomo tulikuwa na grupu letu dogo la WhatsApp. Hapo mtu alikuwa anauliza chochote bila aibu. Mwanafunzi akisoma vizuri tunarekodi sauti yake, kwa ruhusa yake, tunaituma, wenzangu wanampigia makofi, nami namsikilizisha kesho yake. Mama mzima anacheka kama msichana! Walimu wa darasa la kwanza na la pili nao walikuwa na lao, na wa elimu maalumu lao.

Basi mratibu wetu wa elimu akachoka kutuma tangazo moja sehemu tatu. Akaunganisha yote kuwa grupu moja kubwa, akaweka na walimu wakuu humo humo. Nilipomwomba kwa heshima atuachie letu, akajibu, "Mwalimu, unataka kijiji chako peke yako? Na atakayefungua grupu la pembeni nitamwandikia barua."

Jamani, hilo grupu! Kuanzia alfajiri ni shikamoo kwa wakubwa, na marahaba, moja moja, hadi jua linawaka. Ukiuliza swali kabla ya kusalimia unaambiwa huna malezi. Ukisalimia kwanza, swali lako linafukiwa na anayeuza vitunguu saumu. Niliuliza namna ya kumsaidia mama anayechanganya herufi, nikajibiwa na picha ya maua imeandikwa siku njema.

Sasa kilichoniuma. Nina mwanafunzi, nitamwita Mama Rehema. Ni mjane, anaishi kwenye boma la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Binti yake yuko chuo Babati. Akituma ujumbe, shemeji ndiye anausoma kwa sauti mbele ya watu. Mama aliniambia siku ya kwanza kabisa, "Mwalimu, mtoto wa kike ana maneno ya mama yake. Hawezi kumwambia baba mdogo." Ndicho kilichomleta darasani, basi.

Na amejua kusoma. Juzi alisoma hadithi nzima kwenye kitabu chetu. Tatizo, ndani kuna mzee ambaye jina lake ni sawa na la baba mkwe wa Mama Rehema. Kwa Wabarabaig, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe, hata akiwa amekufa. Kwenye grupu letu dogo kila mtu alijua hilo, tulifundishwa na mwenzetu ambaye ni Mbarabaig. Mama alipofika pale akatulia, akasema "yule mzee", akaendelea vizuri hadi mwisho. Nilifurahi mno, nikatuma sauti. Nikasahau natuma wapi.

Mwalimu mkuu mmoja, amehamia juzi tu, akaandika, "Huyu anakariri. Ameruka neno akatunga lake." Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Mratibu naye akatuma sauti, akalitaja lile jina mara mbili taratibu kama anafundisha mtoto, akasema, "Mfundishe alitamke, utume tena kabla ya Ijumaa. Asipolitamka, hajahitimu."

Nilikaa chini nikaandika maelezo marefu, kwa adabu, na shikamoo juu yake. Nimeyatuma tu, kumbe dakika hiyo hiyo imewekwa taarifa ya msiba. Mnajua wenyewe, msiba ukiwekwa kwenye grupu huongei kingine, ni pole tu. Nikafokewa. "Mwalimu, watu wanalia, wewe unaleta hadithi?" Admini wao akafuta maelezo yangu. Nadhani hakuna aliyeyasoma.

Halafu mwalimu mmoja, sijui nani, akaenda kuifungulia ile sauti ya mratibu mnadani, watu wacheke. Shemeji alikuwepo. Akasikia jina la marehemu baba yake linachezewa, na kwamba mjane wa kaka yake analazimishwa kulitamka. Akamkataza Mama Rehema kuja darasani.

Nilimfuata nyumbani. Nikamwamkia, akaniwekea kigoda, hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mwalimu, mimi sikushindwa," akasema. "Nililiona. Nililisoma kwa macho, ndiyo nikanyamaza."

"Najua, mama."

"Sasa waambie."

Niwaambieje? Asiyejua kusoma angejuaje pa kunyamaza? Hilo swali nimelibeba kifuani, nikitaka kulitoa naona shikamoo na marahaba zinapita tu. Nikilazimisha jina, namvunjia mama heshima yake nyumbani. Nisipotuma, anaandikwa hajui kusoma. Nikimpinga mratibu mbele ya walimu wakuu, nitaitwa mkaidi. Wenzangu wa zamani wananiandikia pembeni, "Tufungue letu kimya kimya," lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Nikiwa pale pale simu yake ikalia. Ujumbe wa binti. Mama akautazama, nikaona midomo yake inasogea hadi mstari wa mwisho, macho yakajaa machozi. Kisha akasimama, akampelekea shemeji simu kana kwamba hajausoma, akamwambia, "Nisomee."

Ndugu zangu, na walimu mliomo humu, Ijumaa ni keshokutwa. Ningekuwa mdogo wenu au dada yenu, mngeniambia nifanye nini?