Mawe ya Wake Wenza

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuongoza watalii Meneja alinisimamisha mbele ya ramani ya mkoa, akaniambia nimwongoze kana kwamba yeye ni mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile. Nilikuwa nimetoka Muleba mwezi uleule, nakaa kwa shangazi, mtaa wa Igogo. Nikaanza na ngoma za watemi, machifu wa kale, kwenye makumbusho ya Bujora, nikavuka ziwa kwenda Ukerewe, nikakwama. "Unajua mambo," akasema, "ila unaongea kama unakimbizwa." Alikuwa mwalimu wa historia mstaafu, na kwake sote tulibaki wanafunzi.

Wakati ule mwongoza watalii hakuwa na simu ya kutazamia majibu. Ulisema ulichokariri. Meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, ilichukua saa tatu na ushee, na tulikuwa na kitu tulichokiita kujaza safari, yaani kuongea njia nzima ili mgeni asichoke. Hapo ndipo nilipoharibu.

Karibu na Ukerewe kuna mawe mawili yamesimama majini, yameegemeana. Baharia mmoja aliwahi kuniambia yanaitwa Mawe ya Wake Wenza, basi. Mama mmoja Mwingereza, ambaye kwao kaunti ya Kent naye alikuwa akiongoza wageni kwenye ngome na makanisa ya kale, akaniuliza sababu ya jina hilo. Badala ya kusema sijui, nikamtungia: wake wawili waligombana ndani ya mtumbwi, ziwa likakasirika, likawageuza mawe. Wageni walifurahi mno. Wenzangu wakaichukua, nao wakawa wanaisimulia.

Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka Kent. Yule mama alitaka kuichapa hadithi hiyo katika jarida dogo la waongozaji wa kwao, na aliuliza ni ukoo gani unaoisimulia. Meneja alinisomea, kisha akavua miwani.

"Koku, ukoo gani?"

"Hakuna, mwalimu. Niliitunga melini."

Nilingoja anifukuze. Akairudisha miwani usoni. "Nenda Ukerewe ukawaulize wenyewe. Usiniletee hadithi nzuri. Niletee ya kweli."

Nilielekezwa kwa Bibi Tabu, aliyeishi kijiji kinachotazamana na mawe yale. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema mama zangu waligombana?"

Kumbe hadithi ilishamfikia. Nikakiri kuwa ni mimi. Hakunigombeza; alinisogezea kigoda, na ningeona afadhali angenigombeza. Akanisimulia: mama yake, Nyanjiga, alishikwa na uchungu wa kuzaa wakivuka kwa mtumbwi kwenda hospitali ya Nansio. Ziwa likachafuka. Mke mwenzake, Nyabuso, akapiga kasia peke yake hadi kwenye mawe, akamzalisha palepale, kisha akawakinga mvua kwa mgongo wake mpaka upepo ulipotulia. Mtoto aliyezaliwa ndiye huyo Tabu.

"Wote wawili nawaita mama," akasema. "Wageni wako wanasimama hapo ufukweni wanapiga picha, wanacheka. Mimi nakaa hapa nawatazama."

Nikamwomba radhi. Nikamwuliza kama naweza kuwasimulia wageni habari yenyewe.

"Simulia. Ila uwataje majina."

Nilimwandikia mama wa Kent ukweli. Akajibu kwamba hata yeye, alipokuwa msichana, alibuni mzimu wa ngome moja ya kwao, na sasa mzimu huo una kibao chake getini, ameshindwa kuuondoa. Meneja alicheka hadi akakohoa, akaibandika barua ukutani.

Tangu hapo niliwataja Nyanjiga na Nyabuso kila tulipopita. Wageni wengine waliuliza, "Ndiyo hivyo tu?" Nikawajibu, ndiyo hivyo tu. Sasa nimestaafu, Meneja na Bibi Tabu wametangulia mbele ya haki. Vijana mlioshika kazi mnajua lugha kuliko sisi, na simu zenu zinajibu upesi. Nawapenda, na nawaomba jambo moja: mkifika mahali, wenyewe wapo. Waulizeni.

Safari yangu ya mwisho melini nilisimulia kama kawaida. Mwanamke mmoja aliyeketi kando ya viroba vyake vya machungwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeacha kitu, mama," akasema kwa upole. "Mimi ni mjukuu wa Nyabuso. Hawakuwa na wembe. Kitovu cha mtoto bibi alikikata kwa utete, bua kali la nyasi za ziwani."

Nikawaomba wageni wanisubiri kidogo, nikatafuta kalamu, nikaandika.