Matusi ya Mzee Bahati

Siku ya kwanza kazini nilivaa kitenge changu cha ibada, maana niliambiwa nitakaa karibu na daktari. Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini. Shule niliiachia chini kabisa, lakini Kiswahili ni changu, na Kinyankore, lugha ya wenyeji hapa Uganda, nilikishika sokoni Isingiro nikiuza dagaa. Kituo cha afya cha kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, kikanichukua niwe mkalimani, baadaye nikapelekwa hospitali ya Mbarara, wodi ya wagonjwa wa akili.

Msimamizi wa wodi alikuwa sista mmoja, muuguzi Mnyankore, mrefu, asiye na haraka. Aliniambia kazi yake haianzi na sindano, inaanza na mazungumzo ya tiba: unakaa na mgonjwa, unamwacha amalize, husemi kwa niaba yake, akinyamaza unanyamaza naye. Kunyamaza kulinitesa, mimi nikiona kimya naona fasi ya kuongea. Lakini gumu zaidi lilikuwa hili:

"Mama Furaha, usiniwekee sukari. Akitukana, niletee tusi zima."

Mimi, mama wa kanisa, nimtukane mkubwa wangu. Nilizoea. Nilikuwa nasema, "Sista, anasema wewe ni mbuzi," huku natazama dirisha.

Mzee Bahati, Mkongo mwenzangu, mfugaji wa ng'ombe, aliletwa akitukana watu wa ukutani ambao sisi hatukuwaona. Sista akikaa mbele yake, macho ya mzee yalimpita tu. Mke wake alikuwa anatoka Nakivale kila wiki kuuliza atarudishiwa lini mume, maana shamba na watoto vilikuwa vinamshinda. Daktari akasema matusi yakiendelea, dawa inaongezwa na mzee anabaki.

Asubuhi moja sista alikaa kama kawaida, kimya. Mzee akamtazama polepole, kichwa mpaka miguu, akaniambia, "Mwambie huyu mama, viatu vyake ni kama bata wawili wanatafuta maji."

Mke wake alikuwa mlangoni. Akanishika kitenge. "Dada, usiseme hivyo. Sema ameomba chai."

Nilimwelewa. Lakini niliajiriwa kubeba maneno, si kuyachagua. Nikayapeleka yote, na bata wake wawili.

Sista akatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, vipana kweli. Akaniambia nimuulize mzee kama bata hao ni mume na mke.

"Hapana," mzee akajibu. "Wote wajane." Akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

Sista akaenda moja kwa moja kwa daktari, akamwambia leo mgonjwa amemtukana yeye mwenyewe, si watu wa ukutani. Amemwona. Dawa haikuongezwa. Walimwangalia siku kadhaa, kisha akashuka Nakivale na mke wake.

Sasa nimestaafu, nimerudi Nakivale. Mjukuu wangu anasomea unesi Mbarara, anasema mambo haya yameandikwa kitabuni. Vizuri. Asome, halafu aende akakae mbele ya mtu na anyamaze.

Mzee Bahati bado anameza dawa yake, na hupita kwangu akienda sokoni. Husema nyumba yangu imeinama kama mlevi, na kuku wangu wamechukua sura yangu. Namjibu vibaya vilevile. Siku atakayonisalimia kwa adabu tupu, nitamwita mke wake, halafu nitaita boda imrudishe Mbarara.