Mfuko wa Kushoto wa Eilif

Eilif Nymo alikuwa mtu wa kamba. Katika taasisi ya chuo kikuu inayochunguza bahari na ncha ya dunia, hapa kwetu kaskazini mwa Norwe, wako wa barafu, wako wa samaki, wako wa mikutano. Yeye kazi yake ilikuwa kusimamisha kamba baharini. Juu hufungwa maboya, chini gurudumu kuukuu la treni, katikati vipimo vya joto na chumvi ya maji. Kamba hushushwa kiangazi, kabla barafu haijafunga, ikakaa mwaka mzima gizani. Kiangazi kinachofuata meli hurudi, hutuma mlio majini, ndoano huachia gurudumu, na kamba hupanda yenyewe. Ikipenda.

Alikuwa mrefu, mabega yamelegea, mikono haitulii. Mkewe Gudny alikuwa akisema kwamba ameolewa na mtu ambaye akiwa nchi kavu anaitaka meli, na akiwa melini anapiga simu kuulizia bomba la jikoni.

Kila kipimo huja na kifuniko chekundu cha mpira, kidogo kama kizibo cha chupa, kinachoziba mdomo wake. Kikisahauliwa, kipimo kitakaa mwaka mzima chini ya barafu kikipima pumzi yake mwenyewe. Ndiyo maana Eilif alikuwa na desturi. Akitoa kifuniko, anakitia mfuko wa kushoto wa suruali. Kamba ikishazama, anavimwaga vyote juu ya meza ya kulia, anavipanga foleni, kila kimoja na kipimo chake. Ndipo anakunywa kahawa. Mabaharia walimtania kwamba anavuta tasbihi.

Mwaka ule barafu iliwahi. Kipimo cha mwisho, kile cha karibu na gurudumu, kilikuwa cha Tiril Haugan, binti wa Bergen aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu. Alitaka kujua maji ya kina kile yanapashwa joto na nini, na hakuna aliyewahi kuweka kipimo mahali pale. Kilipokuwa mikononi mwa Eilif, nahodha aliona bamba la barafu likiisogelea tezi, nyuma ya meli, akaamuru kamba iachiwe. Jostein, serangi, mkuu wa mabaharia, akapaza sauti, kamba ikakimbia ukingoni, gurudumu likatumbukia. Meli ikajiondoa.

Eilif alishuka chini, akamwaga mfuko. Foleni ilikuwa na pengo mwishoni.

Akageuza mifuko yote nje. Akapanda tena sitahani, akatambaa kwa magoti akipapasa mifereji ya maji. Alipoinua kichwa, barafu ilikuwa imekwisha kufunika mahali pale, nyeupe, kimya, kama haijawahi kufunguliwa. Wakati huohuo Tiril akaja na kipande cha keki, uso umewaka, akamwambia, "Babu, leo umeniozesha kwa bahari." Eilif akapokea sahani. Angesema nini, na kamba haifikiki? Akala keki hadi ikaisha.

Majira ya majani kupukutika yakapita, giza likaja. Kwetu kuna majuma ambayo jua halitoki kabisa, na saa sita mchana ni rangi ya buluu tu juu ya theluji. Eilif aliyatembea majuma hayo. Alikwenda darajani akarudi, alikwenda bandarini akarudi, mkono wa kushoto mfukoni. Alijaribu kuukumbuka mkono wake wa siku ile: ulivuta kifuniko, au uliwahi kwenye fundo? Kila alipokumbuka, mkono ulifanya jambo jingine. Nyumbani alifungua mitungi ya jamu na kuifunga. Gudny akapika chewa na maini yake na mayai yake, chakula ambacho Eilif hukisubiri tangu kiangazi, na yeye akainuka katikati ya kula kwenda kupapasa koti lililotundikwa mlangoni.

"Ukizunguka tena nitakufunga gurudumu la treni," Gudny alisema. Kisha akaweka uma chini. "Ni nini, Eilif?"

Akamweleza. Gudny aliuliza jambo moja tu, kama msichana mwenyewe anajua.

Hajui. Na mwisho wa Januari Tiril alitakiwa kuchagua mbele ya wasimamizi wake: ama aitegemeze tasnifu yake yote kwenye ile kamba, ama arudi kwenye vipimo alivyokwisha kuvichukua katika ghuba ya jirani, kazi ndogo, salama, isiyomwamsha mtu usingizini. Kila mtu katika taasisi alijua kwamba anaitaka kamba. Eilif alikuwa akimmiminia kahawa kila asubuhi huku akiyajua haya.

Siku jua linaporudi, kazi husimama. Watu wote wa taasisi hutoka nje na maandazi ya jua, yenye jamu katikati, wakakodolea macho pengo la milima upande wa kusini. Mara nyingi huona wingu tu. Siku hiyo pia ilikuwa wingu, na Jostein, aliyekuja kwa ajili ya maandazi, alikuwa akidai arudishiwe jua lake la mwaka jana. Eilif akamvuta Tiril kando, karibu na rundo la maboya.

Alimwambia waziwazi, bila kupamba. Tiril alisikiliza, jamu ikimchuruzika kidoleni.

"Una uhakika kimebaki juu yake?"

"Ningekuwa na uhakika ningelala."

"Tangu Agosti umenyamaza."

"Ndiyo."

"Unanichekea, unanipa kahawa. Mbona leo?"

"Kwa sababu wiki ijayo utachagua, na kwa kunyamaza mimi ningekuwa nimekuchagulia."

Nyuma yao watu walipiga makofi. Jua lilichungulia kidogo likajificha. Hao wawili hawakuliona. Tiril aliweka andazi lake juu ya boya, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anajichotea kahawa mwenyewe.

Alichagua ghuba.

Sasa Eilif akapata wasiwasi mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Kama kifuniko kilidondoka tu baharini? Kama alimnyang'anya binti wa watu jambo kubwa kwa ajili ya mfuko wake mwenyewe? Giza lilikwisha, ukaja mwanga usiozimika, naye akatembea katika huo pia.

Agosti walirudi. Tiril alikuwemo melini, tasnifu yake ya ghuba karibu imekwisha. Mlio ukatumwa, na baada ya kimya kirefu maboya yakaibuka mbali, ya manjano, yakitikisika. Winchi ikavuta. Vipimo vikapanda kimoja kimoja, vimevaa utelezi, hadi cha mwisho. Eilif alikishika kwa mikono miwili, akakifuta kwa mkono wa shati.

Mdomo ulikuwa wazi. Maji yalichuruzika kutoka ndani yake.

"Bahari imekula mpira, babu," Jostein alisema taratibu. "Basi."

Tiril alikichukua, akakishusha chini akakiunganisha na mashine, akapanda baada ya muda. Alisema kwamba kimepima mwaka mzima, bila kukosa. Alimtazama Eilif, na hakuna aliyejua macho yale yangeishia kwenye nini.

"Sijui nikukumbatie au nikutose," alisema.

"Mimi ningetosa."

Hakufanya hata kimoja. Akaelekea ukingoni, ambako kamba mpya ilikuwa tayari kushushwa, akanyoosha kiganja. Eilif alielewa. Alitoa kifuniko cha kwanza, akakiweka kiganjani mwake, na Tiril akakitia mfukoni mwake mwenyewe. Cha pili, cha tatu. Walikwenda hivyo hadi gurudumu lilipozama.

Tiril akashuka kwenda mezani. Eilif alibaki sitahani akitazama maji yakijifunga, na mkono wake wa kushoto, ambao hakuna aliyeutuma, ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, ukitafuta.